Nduru Kifuani mwa Mwenye Ploti

Mlango wa Mwenye Ploti ulikuwa na kufuli tatu, na funguo za akiba za kufuli hizo zilining'inia kwenye msumari nje ya mlango huo huo, mahali ambapo hata mtoto wa chekechea angezifikia. Ulikuwa mlango wa chuma wenye tundu la kupitishia mkono, kwa hivyo mtu aliye ndani na aliye nje waliweza kufungua sawasawa. Nilipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza nilicheka.

"Mama, sasa kufuli ni za nini?"

"Kufuli ni za mwizi. Funguo ni za jirani."

"Na mwizi akiona funguo?"

"Mwizi ni mtu ako na akili. Hawezi amini kuna mtu mjinga hivyo."

Hapo nilikuwa nimefika Nchiru nikitokea Mikinduri, ambako kazi yangu ilikuwa kufunga miraa kwenye majani ya mgomba. Kabla ya Mikinduri nilikuwa Embu nikiosha magari, na kabla ya Embu ni afadhali nisiseme, maana hadithi ni ndefu na haina faida. Shule niliiacha kabla ya mtihani wa darasa la nane. Sikuchukia kusoma, nilichukia kukaa. Mwenye Ploti, mama aliyekuwa akipangisha vyumba karibu na chuo, alinipa chumba cha mwisho, kilichopakana na tangi la maji, ambacho wanafunzi wa chuo kikuu walikikataa kwa sababu tangi lilinguruma likijaa. Nilikaa muhula mmoja, nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena. Hivyo ndivyo nilivyomjua kwa miaka mingi: kwa vipande. Kila niliporudi alinitazama miguuni kwanza, kuona viatu vimeisha kiasi gani, kisha akaniambia, "Magurudumu, umechoka kuzunguka?"

Hilo ndilo jina alilonipa. Wapangaji wote aliwapa majina ya aina hiyo. Kulikuwa na Redio, Pasi ya Umeme, na msichana mmoja mpole wa somo la hesabu aliyeitwa Kesho Nitalipa. Majina yetu halisi aliyajua yote, hadi la babu, kwa sababu hakumpa mtu chumba kabla ya kuona kitambulisho. Ila hakuyatumia. Nilimuuliza sababu.

"Nimeyaweka," alisema. "Jina si la kuchezea. Litatumika siku ya shida."

Muhula ukiisha, wanafunzi waliacha vitu vyumbani: ndoo zilizopasuka, soksi, vitabu. Vitabu aliniachia mimi. Yeye mwenyewe hakusoma kitu ila Biblia ya Kimeru na maandishi ya paketi za mbegu, lakini nilipokuwa nikisoma kwenye ngazi za tangi alikuja kusimama karibu, mikono kiunoni, akaniuliza nimefika wapi. Nikimwambia kwamba nyota fulani zimekufa zamani na bado tunaziona, aliguna na kurudi jikoni. Baada ya muda ungemsikia akimwambia mtu mwingine habari hiyo kwa sauti ya kukaripia, kana kwamba ni huyo mtu aliyeziua.

Sauti yake ndiyo iliyomjulisha kwa watu. Alikuwa mwembamba, si mrefu, lakini akiita mtu aliyeacha mfereji wazi, waendesha bodaboda waliokuwa barabarani waligeuka. Na akipiga nduru, ule ukelele wa kuita msaada, mtaa wote ulitoka. Kwake hilo lilikuwa sharti la upangaji kama vile kutopika kwa makaa chumbani. Ukisikia nduru, unatoka. Usikae ndani ukisema si yangu. Yeyote aliyekaa ndani alifukuzwa, na nilimwona akimfukuza mwanafunzi mmoja aliyejitetea kwamba alikuwa na vidude vya muziki masikioni.

Lakini sharti lilikuwa na nusu ya pili, na nusu hiyo alikuwa ameinunua kwa bei mbaya.

Ilikuwa Jumamosi mchana, yeye akianika nguo nyuma ya nyumba. Akasikia kioo kikivunjika ndani ya nyumba yake. Akachungulia, akaona mgongo wa mwanamume nyuma ya pazia la chumbani kwake, akapiga nduru. Mimi nilitoka pamoja na wengine. Walikuja wanafunzi, walikuja watu wa vibanda, walikuja wa bodaboda, mmoja ameshika mpini wa jembe. Yule mtu alitolewa kupitia dirishani kama gunia. Alikuwa akisema, "Ni mimi, ni mimi," na kila aliposema hivyo alipigwa zaidi, kwa kuwa mwizi naye angesema nini?

Alikuwa mtoto wa dada yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwita aje akae naye. Alikuwa amefika mapema, akabisha, hakujibiwa, na katika watu wote waliowahi kufika kwenye mlango ule ndiye pekee ambaye hakuwa ameambiwa habari za funguo kwenye msumari. Akavunja kioo cha nyumba ya mama yake mdogo, akaingia. Mtu wa nyumbani kabisa, ila mahali ambapo hakutarajiwa.

Mwenye Ploti alipouona uso wake alijitupa juu yake. Pigo moja la ule mpini lilimwangukia yeye Mwenye Ploti begani kabla watu hawajaelewa. Kijana alipona, lakini mkono wake wa kulia haukunyooka tena. Anauza viatu Isiolo. Krismasi hutuma salamu. Yeye mwenyewe haji.

Tangu siku hiyo, kila mpangaji mpya aliambiwa sharti lote. "Ukisikia nduru, toka. Lakini ukifika, uliza jina kwanza. Jina lote. 'Ni mimi' ni jina la kila mtu."

Ajabu ni kwamba mwanamke huyu, ambaye baada ya siku ile hakuweza kuona watu wamejikusanya bila kushika shingo yake, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa wanaotembelea wagonjwa. Mtu akilala kitandani popote kati ya Nchiru na barabara kubwa, Mwenyekiti angefika na kundi lake. Hawakubisha. Alipaza sauti mlangoni, "Muga!", ambayo ndiyo salamu ya Kimeru, na kabla mgonjwa hajaitikia chumba kilikuwa kimejaa vitambaa vya kichwa. Walimwekea mikono pale panapouma, wote kwa pamoja, wakaomba. Kisha kibuyu cha ucuru, uji uliochachuka vizuri, kikazunguka kutoka mdomo hadi mdomo, mgonjwa akiwa wa kwanza. Nilimwambia kwamba mimi nikiugua naomba niachwe peke yangu. Alinitazama kama mtu aliyetukana.

"Mgonjwa akiachwa peke yake anafikiri," alisema. "Na akifikiri anakufa."

Kisha naye akaugua. Uvimbe kwenye titi la kushoto. Walimpasua, wakamtia dawa za dripu zilizomtoa nywele, halafu wakampeleka Nairobi kwa mionzi. Alikaa huko kwa binamu yake majuma kadhaa, akienda hospitalini kila siku ya kazi. Aliporudi alinisimulia jambo moja tu, na alilisimulia mara nyingi, sauti ikishuka kila mara.

"Wanakuchora mistari kifuani na kalamu, kama fundi anapima mbao. Halafu wanakwambia lala, usitikisike. Halafu wanatoka. Wote, Magurudumu. Wanakimbia. Mlango ni mnene kama ukuta, unafungwa, unabaki na ile mashine inanguruma. Huoni kitu. Husikii uchungu. Sasa niambie, hicho ni kitu gani, hata daktari anakikimbia, na mimi nimeambiwa nilale?"

Nilikuwa na kitabu kimoja cha baiolojia kilichong'oka jalada, na humo nilikuwa nimesoma kwamba mionzi inapasua vitu vidogo vilivyo ndani ya seli. Kwa akili yangu nikadhani inabaki humo, kama moto chini ya jivu. Kwa bahati nzuri sikumwambia. Wanafunzi nao walikuwa na dhana kama yangu. Redio alihamisha kiti chake mbali naye walipokuwa wamekaa uani.

"Unaogopa nini?" Mwenye Ploti akamuuliza. "Leta simu yako hapa kifuani tuone kama itaingia chaji."

Kila mtu alicheka, na yeye pia. Halafu akaingia ndani akakaa huko mpaka jioni.

Nilienda Embu kutafuta kazi, nikapata ya kupakia mchele kwenye malori, na niliporudi ilikuwa Julai, ule wakati Meru hunyesha manyunyu yasiyokwisha na nguo hazikauki. Kikohozi chake nilikisikia kabla sijamwona. Nilikuwa nikichota maji kwenye tangi. Kilikuwa kikavu, kifupi, kisichotoa kitu, na kilikuja tena na tena kama mtu anayebisha mlango wa nyumba isiyo na watu. Nilisimama pale na ndoo ikafurika.

Dirishani pake nilikuta chupa na karatasi za dawa za kemisti. Antibaiotiki za aina moja, kisha za aina nyingine, kisha za ile ya kwanza tena.

"Ni baridi ya Julai," akasema.

"Baridi haikufanyi ushike ukuta ukitoka langoni."

"Umeniona?"

"Nimekuona, Mama. Umerudi hospitali?"

Alikuwa akikunja shuka, akaikunja mpaka ikawa ndogo isiyoweza kukunjika tena.

"Nikirudi watasema imerudi," alisema.

Hapo nikajua kitu kilichokuwa kikinitisha katika uso wake. Alikuwa anafikiri. Peke yake, kila siku, huku akijificha hata kwa akina mama wa kanisa. Walipopita alikuwa akizuia kikohozi hadi macho yakajaa machozi, akawaambia ni moshi.

Siku chache baadaye, Pasi ya Umeme aliacha mfereji wazi. Mwenye Ploti akatoka mlangoni, akavuta pumzi kama alivyozoea, akafungua kinywa. Sauti ilitoka, ikafika katikati, ikakatika. Akajaribu tena. Haikutoka kitu ila mlio mwembamba, kisha kikohozi. Maji yaliendelea kumwagika na hakuna aliyegeuka. Aliniangalia kutoka pale mlangoni na sijawahi kuona mtu ameogopa namna ile mchana kweupe.

Kesho yake tulikuwa hospitalini Meru.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya upole na haraka nyingi. Aliagiza damu, makohozi yaliyopatikana kwa shida, picha ya kifua, kisha skani. Tulienda, tukarudi, tukaenda tena. Mwenye Ploti aliketi kwenye benchi la nje akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na kila mlango ulipofunguliwa alijitayarisha kusimama.

Tulipoitwa, daktari aligeuza kioo cha kompyuta ili tuone.

"Mama, makohozi yako hayana kifua kikuu. Viini vingine tulivyotafuta hatujapata. Na saratani sijaiona hapa."

Mwenye Ploti alikuwa akingoja lile neno "lakini".

"Lakini angalia hili wingu kwenye pafu la kushoto. Unaona ukingo wake?"

Niliona. Ulikuwa umenyooka. Ndani ya kifua, ambamo hakuna kitu kilichonyooka, kulikuwa na wingu lililokatwa upande mmoja kama kwa rula.

"Ugonjwa wa viini hauendi hivyo," daktari akasema. "Huo ni mpaka wa pale mionzi ilipopita."

"Ile mistari," Mwenye Ploti akasema, na mkono wake ukaenda kifuani. "Walinichora hapo."

"Hapo hapo."

Mimi nikaropoka. Nikauliza kama mionzi bado imo ndani, kama moto chini ya jivu. Daktari akatabasamu kidogo. "Hapana. Ile mashine ikizimwa, imezimwa. Hakuna kilichobaki. Kilichobaki ni uharibifu, na namna mwili unavyoujibu." Akachukua karatasi akachora duara, na ndani yake duara dogo. "Hii ni seli. Katikati ina chumba chake, na ndani ya chumba kuna uzi mrefu sana uliokunjwa, DNA. Mionzi inakata huo uzi. Seli ya saratani mara nyingi inashindwa kujishona, inakufa, na hicho ndicho tulichotaka. Ila pafu liko nyuma ya titi, na miali haisimami pale tunapotaka. Seli za pafu nazo zimekatwa. Nyingi zinajishona. Zingine zinajishona vibaya, na vipande vya uzi vinamwagika nje ya chumba."

Akaweka vinukta nje ya lile duara dogo.

"Sasa hapa nje, kwa kawaida uzi hautakiwi kuonekana. Ukionekana, mara nyingi ni wa kirusi kilichoingia. Kwa hivyo seli inafikiri imevamiwa. Inatoa ishara ya kuita msaada."

"Inapiga nduru," Mwenye Ploti akasema.

"Eeh. Unaweza kusema hivyo. Inapiga nduru, na kinga ya mwili inakuja mbio."

"Na uzi ni wake mwenyewe."

"Ni wake mwenyewe."

"Ni wa nyumbani. Ila umepatikana chumba isiyo yake."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Hakujua kwa nini mama huyu amefumba macho. Mimi nilijua.

"Na hawaulizi jina," Mwenye Ploti akasema polepole.

"Huwa wanauliza, Mama. Mwili una njia nyingi za kutambua kilicho chake. Lakini kelele ikiwa kubwa, na seli zilizoumia zikiwa nyingi, wanafika na hasira. Wanavimbisha mahali, pafu linajaa majimaji, hewa inakosa nafasi. Ndiyo unakohoa. Hizo dawa za kemisti zilikuwa zinatafuta mwizi ambaye hayuko."

"Kwa hivyo hakuna mwizi."

"Kwenye picha hii, hakuna."

"Na watu bado wanapiga."

Daktari akatueleza habari ya tembe za steroidi, ambazo zingewatuliza hao waliokuja mbio. Mwenye Ploti akauliza kama zingewatuliza wote.

"Wote. Hapo ndipo shida ilipo, hazichagui. Na tayari askari wako wa damu wamepungua, maana wao ni wepesi kufa kwa mionzi kuliko seli nyingi. Kwa hivyo wakati unakunywa hizi tembe, mwizi wa kweli akija, atakuta wengi wamelala. Mtu mwenye mafua asikukaribie. Usikae kwenye umati. Na usiziache ghafla. Tutapunguza kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Tukipunguza, kikohozi kinaweza kurudi. Kikirudi, au ukipata homa, usingoje. Unakuja siku hiyo hiyo. Pafu likiachwa livimbe linaweza kukakamaa, na likikakamaa halirudi."

Njiani kurudi nilikuwa nimeshika ile karatasi yenye duara na vinukta. Nilizoea kufurahia kujua jambo jipya. Hili lilinikaa mwilini kama baridi. Nilijigusa kifua nikawaza ni mara ngapi humo ndani kuna kelele ambayo siisikii, na nani anakuja, na anauliza nini akifika.

Tembe zilifanya kazi haraka. Katika juma la kwanza alipanda kutoka langoni bila kushika ukuta. Uso ukamvimba ukawa wa duara, akalalamika kwamba anakula kama mkulima wa kukodiwa, na siku moja alimkemea Kesho Nitalipa hadi mtu wa kibanda cha jirani akaitika. Tukacheka. Nikaanza kufikiria Embu tena.

Kisha akina mama wa kanisa wakasikia kwamba alikuwa hospitalini na hakuwaambia.

Sikuwepo. Nilikuwa nimeenda Meru kutafuta betri ya simu. Walikuja wote siku moja, kama alivyowafundisha, na hawakuwa na haja ya kubisha. Walichukua funguo kwenye msumari. "Muga, Mwenyekiti!" Chumba kikajaa. Wakamzunguka, wakamwekea mikono kifuani, wakaomba kwa nguvu na machozi. Kibuyu kikazunguka. Mmoja wao, rafiki yake wa miaka yote, alikuwa na mafua, na alifuta pua kwa kitambaa kabla ya kuinua kibuyu, ili awe msafi.

"Ulikaa tu?" nilimuuliza niliporudi. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa woga mtupu. "Daktari alisema nini? Hukuwaambia?"

"Niwafukuze vipi?" alisema. "Ni mimi niliwafundisha kuingia."

Homa ilikuja kabla ya juma kwisha. Safari hii mwizi alikuwa wa kweli. Walimlaza, wakamwekea hewa ya mpira puani, na nilikaa nje ya wadi nikihesabu pumzi zake kupitia kioo, nikipoteza hesabu, nikianza upya. Daktari alikuwa na kazi ngumu, kama alivyonieleza koridoni: akiongeza zile tembe, mwizi anapata nafasi; akizipunguza, watu wa nduru wanarudi. Alisema hayo akiwa ameegemea ukuta, na nikaona kwamba hata yeye anaogopa. Hilo lilinitisha kuliko mashine zote.

Alipona. Alirudi nyumbani mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kuketi, kilikuwa kuzitoa zile funguo kwenye msumari. Akazishika kiganjani, akaniangalia, akaingia nazo ndani.

Benchi likawekwa nje, chini ya dirisha. Wageni wakakaa hapo, yeye akizungumza nao kutoka nyuma ya nondo. Yule rafiki yake alikuja akakaa mbali kabisa, kwenye ukingo wa benchi, akilia bila sauti. Mwingine alisema kwa sauti ya kusikika, "Mwenyekiti siku hizi ni mtu wa mjini. Anatuangalia kama mtu wa benki."

"Ukitaka mkopo, andika barua," Mwenye Ploti akamjibu kutoka ndani, na wakacheka wote, na kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi. Kilikuwa kikohozi kidogo tu. Lakini tembe zilikuwa zimeanza kupunguzwa, na mimi niliyekuwa nimesimama kwenye ngazi za tangi nilikijua kile kikavu.

Jioni aliniita dirishani.

"Magurudumu, najua umefunga mfuko."

"Embu wananingoja, Mama. Kazi ya mchele."

"Nenda. Lakini ukiwa hapa hapa bado, nikiita, uje. Na usije na watu."

"Sharti lako ni watu wote watoke."

"Sharti limebadilika. Uje peke yako." Akashika nondo. "Watu wakija wengi sitaweza kuwarudisha. Nilijaribu mara moja nikiwa na nguvu, ukaona."

"Na utaitaje? Sauti haifiki."

Akafikiri. Akaenda jikoni akarudi na kifuniko cha sufuria na mwiko, akagonga mara moja. Mlio ulikuwa mdogo, wa kuchekesha. Hakuna aliyecheka.

Sikwenda Embu siku iliyofuata, wala ile nyingine. Mfuko ulikaa mlangoni umefungwa, nami nikawa nikiuruka nikitoka. Niliwaambia wanafunzi kwamba nangoja mshahara. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejikuta nikisikiliza. Nilisikiliza nikioga, nilisikiliza nikisoma, tangi likinguruma nikaenda kulifunga ili nisikie vizuri.

Ilikuwa adhuhuri, manyunyu yakianguka, wanafunzi wengi wakiwa darasani. Mlio wa kifuniko ulikuja mara moja, kisha kimya, kisha mara ya pili ukiwa dhaifu zaidi. Nilikimbia. Redio alitoa kichwa mlangoni kwake akauliza, "Kuna nini?" na tayari alikuwa ameshika kiatu kimoja, na nyuma yake wawili wengine wanainuka. Niliwaonyesha kiganja: kaeni. Walinitazama kama mwendawazimu. Wakakaa.

Mlangoni nilisimama. Niliweza kumsikia upande wa pili wa chuma, karibu sana, akiwa ameuegemea mlango. Pumzi yake ilikuwa fupi na ilikuwa inafika juu tu, kama maji yasiyopanda ngazi.

"Ni mimi, Mama. Fungua twende. Daktari alisema siku hiyo hiyo."

Hakufungua.

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

Pumzi tu. Nilielewa nilikuwa nimesema nini, na nikaelewa anachongoja. Miaka yote hiyo katika ploti ile hakuna aliyewahi kuliita jina langu, na nilikuwa karibu nimelisahau mimi mwenyewe. Nikaweka mdomo kwenye tundu la mlango nikalisema. La kanisani, la baba, la babu, lote, kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho alichokiona siku ya kwanza.

Nilimsikia akihema. Kisha mkono wake ukatoka kwenye tundu, umelowa jasho, ukiwa na zile funguo tatu.